Sampuli na Jina la Kabila katika Utafiti wa Fasihi Simulizi

Vitabu vya Naomi Kipury kuhusu Wamaasai (1983) na Ciarunji Chesaina kuhusu Wakalenjin (1991) vimehifadhi mengi, kila kimoja kikiteua sampuli zake katika jamii moja. Utaratibu huo, hata hivyo, hupwaya mjini Nakuru. Reli na mashamba ya walowezi yalikusanya huko watu wa lugha mbalimbali. Mtaani Bondeni hadhira moja huweza kuwa ya makabila kadhaa, na lugha yao Kiswahili. Mtafiti anayemteua fanani kwa kabila humtenga na hadhira hiyo, kisha hushuhudia utendaji alioupanga mwenyewe. Kwa hiyo, kipimo cha sampuli na kiwe tukio la usimulizi, wala si asili ya msimulizi.