Namba 200 ubavuni mwa tairi haisemi unachotaka kujua

Mwezi wa kumi mwaka jana nilikuwa kiti cha abiria kwenye Suzuki Swift Sport ya rafiki yangu, huku Uingereza. Tuliingia kona ya tatu ya uwanja wa mbio tukitazama mbele, tukatoka tukitazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Gari lilizunguka mara moja, likateleza kinyumenyume mpaka kwenye majani, likazima. Rafiki yangu alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Lakini kaka, haya matairi si ndiyo tuliambiwa ni makali kuliko yote?"

Hakuwa amekosea kabisa. Alitumia wiki tatu kusoma majedwali ya muda wa mzunguko, akalinganisha namba zilizochapwa ubavuni, akanunua tairi lenye namba ndogo kabisa aliyoweza kuimudu. Mimi ninayeshinda maabara nikivuta vipande vya mpira kwa ajili ya utafiti wangu nilimwangalia akinunua, nikanyamaza. Kwa hiyo chukua makala hii kama deni ninalolipa, na kama lawama kwa namna tunavyofundishwa kuchagua matairi.

Kwanza, kama jambo lenyewe ni geni kwako: viwanja vya mbio za magari hapa hufunguliwa siku fulani kwa watu wa kawaida. Unalipa ada, unavaa kofia ngumu, unapewa maelezo ya usalama, unaingia na gari lako lilelile la kwendea kazini. Vigari vidogo vyenye injini kali vinapendwa sana kwa siku hizi: Swift Sport, Fiesta ST, Clio za RenaultSport. Ni vyepesi, havimalizi breki haraka, na matairi yake hayafilisi. Lakini ni siku ya kufurahia tu, si mashindano. Waandaaji wengi wanakataza hata kupima muda wa mzunguko, kwa sababu za bima na usalama. Sasa jiulize mwenyewe: kama hauruhusiwi kupima muda, kwa nini unachagua tairi kwa jedwali la muda?

Turudi kwenye namba. Tairi linalouzwa Marekani, na mengi yanayouzwa kwingineko, limechapwa maneno matatu ubavuni: Treadwear, Traction na Temperature. Ni mfumo wa UTQG, unaosimamiwa na idara ya usalama barabarani ya Marekani. Namba ya Treadwear inatokana na msafara wa magari yanayozunguka njia ya maili 400 (kama km 640) kwenye barabara za kawaida kuzunguka mji wa San Angelo, Texas, mpaka yafikishe jumla ya maili 7,200. Wanapima kashata zimeisha kiasi gani wakilinganisha na tairi la rejea. Tairi la 200, kwa nadharia, lingedumu mara mbili ya lile la 100 kwenye njia hiyo.

Soma tena sentensi hizo. Ni barabara ya kawaida na mwendo wa kawaida, na kinachopimwa ni kuisha. Hakuna mahali popote walipopima kushika. Tena serikali haitoi alama. Mtengenezaji ndiye anayejipa, akiwa na kipimo cha kuitetea. Ndiyo maana Hankook Ventus RS4 na Bridgestone Potenza RE-71RS yote yana 200 ubavuni, ilhali kila mwenye uzoefu wa uwanjani atakuambia la kwanza linasifika kwa kudumu na la pili kwa kung'ang'ania lami na kuisha mapema. Namba moja, tabia mbili. Klabu nyingi za mbio za Marekani zimeifanya 200 kuwa mpaka wa chini wa kuingia madaraja ya magari ya barabarani, basi viwanda navyo vikaanza kutengeneza tairi kali kadiri inavyowezekana zenye 200 hiyohiyo. Namba iliyowekwa kumsaidia mzee wa Texas ajue tairi lake litadumu miaka mingapi imegeuzwa kibali cha mashindano.

Herufi zinazofuata zinadanganya zaidi kwa sababu zinasikika kama jibu. Traction AA ina maana tairi lilipata zaidi ya 0.54 kwenye lami yenye maji, gurudumu likiwa limefungwa kabisa na kuburutwa kwa mwendo wa maili 40 kwa saa, moja kwa moja. Kona hazimo, na ukavu haumo. Na Temperature A, ambayo rafiki yangu aliisoma kama "linapenda joto", inahusu tairi kustahimili joto la mwendo mkubwa bila kuharibika. Ni habari ya mwili wa tairi, haihusu mpira wake kunata.

Basi kinachonatisha ni nini? Mpira unashika lami kwa njia mbili kubwa. Unagandamana na mawe ya lami kwa mvuto wa molekuli zake, na pia unabonyea juu ya vijiwe vidogo kisha unachelewa kurudi umbo lake. Kuchelewa huko kunakula nishati, na nishati hiyo iliyoliwa ndiyo sehemu ya msuguano unaokushikilia kwenye kona. Njia zote mbili zinategemea halijoto. Fikiria bigijii. Itoe kwenye friji, inakatika kama kipande cha plastiki. Itafune dakika mbili, inanata kwenye kila kitu. Iache juani kwenye dashibodi, inakuwa uji.

Kila mchanganyiko wa mpira una halijoto yake ambayo chini yake unaanza kuwa mgumu kama kioo. Kuna jambo la ziada ambalo watu wengi hawalijui: kwa mpira, kubonyezwa haraka ni sawasawa na kuwa kwenye baridi. Williams, Landel na Ferry waliandika mlinganyo wa jambo hilo mwaka 1955, nasi maabara bado tunautumia. Tairi linaloteleza kidogo juu ya vijiwe vya lami linabonyezwa maelfu ya mara kwa sekunde, yaani mpira "unajihisi" kwenye baridi kuliko kipimajoto kinavyosema. Wanaotengeneza tairi la barabarani wanachagua mchanganyiko usioganda hata asubuhi ya baridi. Wa tairi la uwanjani, lile nusu-kipara lenye mifereji michache, wanachagua mchanganyiko unaoamka juu zaidi, mara nyingi kuanzia kama nyuzi 70 hivi, ili usiwe uji ukifika nyuzi 90. Hakuna miujiza hapo. Wamelihamisha dirisha tu, hawakuliongezea upana.

Sasa swali la kigari kidogo linakuja lenyewe: je, gari lako linaweza kulifikisha tairi kwenye dirisha hilo? Na hapa ndipo ninapogombana na karibu kila ushauri niliousoma, kwa sababu unazungumzia "tairi" kana kwamba gari lina moja. Lina mawili ya mbele na mawili ya nyuma, na kwenye kigari kinachovutwa na magurudumu ya mbele hayo ni maisha mawili tofauti.

Tupige hesabu ya Swift Sport iliyotoka mwaka 2017. Ina takriban kg 970. Weka dereva, tuseme kg 1,050. Zaidi ya asilimia 60 iko mbele, tuchukulie 62, basi mbele kuna kama kg 650 na nyuma kg 400. Sasa kanyaga breki mpaka gari lipunguze mwendo kwa nguvu ya g moja, jambo ambalo tairi zuri kwenye lami kavu linaweza. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.45, tuseme kitovu cha uzito kipo nusu mita juu ya ardhi. Uzito unaohamia mbele ni 1,050 mara 0.5 gawanya kwa 2.45, kama kg 214. Kila tairi la mbele sasa linabeba kg 430 hivi. Kila la nyuma limebakiwa na kg 93, uzito wa mtu mnene.

Tairi la mbele ndilo linafanya breki karibu yote, ndilo linakata kona, ndilo linavuta gari kutoka kwenye kona. Linapata joto upende usipende. La nyuma linaburutwa tu kama mtoto anayepelekwa shule, na asubuhi ya nyuzi 8 linaweza kumaliza mizunguko miwili mitatu likiwa bado bigijii ya friji.

Hicho ndicho kilichotupata. Mbele palishaanza kupata moto, usukani ukawa unajibu vizuri, rafiki yangu akapata imani. Kwenye kona ya tatu aliona kasi imezidi akaachia mafuta ghafla. Uzito ukakimbilia mbele, nyuma pakabaki pepesi juu ya mpira uliolala, na mkia ukatupita. Kwa matairi aliyokuja nayo kutoka dukani angeingia kona ileile polepole zaidi, ni kweli, lakini nyuma pangeshika, na pangeonya kabla ya kuachia.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua wadau wa magari mtanirushia mawe: kwa mtu mwenye kigari chepesi, anayekwenda uwanjani mara tatu nne kwa mwaka na kuendesha lilelile kurudi nyumbani, chaguo sahihi ni tairi zuri la barabarani la kiangazi, jamii ya Michelin Pilot Sport na wenzake. Litachoka mbele baada ya dakika 15, utaona usukani unaanza kuwa mzito wa kuelewa, utatoka upumzike. Hakuna ubaya. Ukishazoea na ukawa unalichosha kila mara, nenda jamii ya 200. Nusu-kipara halisi kama Nankang AR-1, ambalo lina Treadwear 80, ni tairi zuri sana kwa mtu mwenye seti ya pili ya rimu, siku kavu, na uvumilivu wa kulipasha nyuma taratibu kabla ya kujifanya bingwa. Na tafadhali usichanganye makali mbele na laini za kawaida nyuma ukidhani umetatua jambo, wala usiongeze upana kutoka 195 kwenda 215 kwa sababu inapendeza. Tairi pana kwenye gari jepesi ni eneo kubwa zaidi la kupasha kwa moto uleule.

Upepo nao ni kipimo chenye thamani kuliko namba zote za ubavuni, na kipimio chake ni cha bei ndogo. Ukijaza psi 29 asubuhi ya nyuzi 15, na hewa ya ndani ikapanda mpaka nyuzi 70, kanuni ya gesi inakupa kama psi 37. Tairi limevimba katikati na mabega yake hayagusi lami vizuri. Ndiyo maana watu hupima likiwa la moto na kupunguza. Sawa, ila wengi wanasahau nusu ya pili: ukilipunguza mpaka 31 likiwa kwenye nyuzi 70, likipoa litakuwa na kama psi 24. Na nyumbani unarudi kwa barabara kuu, pengine kwenye mvua, na tairi lenye mifereji michache lisilo na upepo wa kutosha linaelea juu ya maji mapema. Jaza kabla ya kutoka getini.

Kwa msomaji uliyeko Dar au Nairobi, ambako Swift hizi zinafika kutoka Japani zikiwa zimetumika, geuza sehemu kubwa ya niliyosema. Lami ya saa saba mchana huweza kupita nyuzi 50 kabla gari halijafika. Nyuma hapatalala, tatizo lako ni mbele kuyeyuka, na hapo jamii ya 200 ina hoja nzuri zaidi. Kitu cha kuogopa kwako ni umri. Tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 1223 ni wiki ya 12 ya mwaka 2023. Mpira unagumu kwa miaka na kwa kila safari ya kupata moto na kupoa, hata kashata zikiwa zimejaa. Nusu-kipara la mtumba lenye kashata nene na miaka minane ni pambo la gereji.

Rafiki yangu aliuza yale matairi mwezi wa kumi na mbili. Aliyekuja kuyachukua hakuuliza yamepata moto mara ngapi, wala gari lake yeye lina kilo ngapi. Aliinama, akawasha tochi ya simu, akasoma ubavuni, akatoa pesa.