Kumpigia Marehemu Tarumbeta

Tangu 1989 mji wa Wilmington, katika jimbo la Delaware nchini Marekani, una tamasha la jazi lisilo na kiingilio, lenye jina la mwanawe Clifford Brown. Mpiga tarumbeta huyo alifariki Juni 26, 1956, kwa ajali ya gari barabarani Pennsylvania, akiwa na miaka 25 tu. Santuri zake zipo na zinasikika vizuri. Basi kuna haja gani ya wanamuziki wa mji, ambao wengi wao hawatamfikia hata kiunoni, kupanda jukwaani kuzirudia nyimbo zake? Nadhani haja ipo, na ni kubwa kuliko heshima ya kumkumbuka marehemu. Santuri hutuhifadhia matokeo ya ufundi. Ufundi wenyewe hauonekani mpaka mtu mwingine ahangaike nao mbele yetu.

Tarumbeta ina vitufe vitatu. Mkao mmoja wa vidole unaweza kutoa nota kadhaa, na zinazoamua itoke ipi ni midomo na pumzi. Midomo ni misuli: huchoka usiku uleule wa onyesho, na isipozoezwa siku chache hulegea. Sasa msikilize Brown katika “Cherokee” aliyoirekodi 1955 na kundi aliloliongoza pamoja na mpiga ngoma Max Roach. Mwendo ni wa kukimbizana, lakini kila nota imekatwa kwa ulimi ikawa na mwanzo na mwisho wake, kama shanga zilizotungwa moja moja. Anayesikiliza nyumbani hupokea ulaini huo akadhani ni wepesi. Mbele ya mpigaji aliye hai hadanganyiki: anaona mishipa ya shingo ikisimama, anaona pumzi ikiibwa mahali pasipo na nafasi, anasikia nota ya juu ikikwepwa kwa sababu midomo imekwisha nguvu. Huyu aliyekwepa si mzembe. Ametupimia kimo cha marehemu kwa namna ambayo spika haiwezi, na kushindwa kwake kidogo kumeingia katika sifa za yule anayeenziwa.

Wapo watakaosema kwamba jazi ni muziki wa kubuni papo kwa papo, na kumwiga aliyekufa nota kwa nota ni kumzika mara ya pili. Nakubali nusu. Bendi inayokariri solo za Brown na kuishia hapo imefanya zoezi la darasani, hata kama imelifanya vizuri. Lakini kuiga ndiyo njia waliyopita wote. Brown mwenyewe alimfuata mpiga tarumbeta Fats Navarro kabla ya kupata sauti yake. Na jibu zuri zaidi limo katika tungo ya Benny Golson, mpiga saksafoni aliyewahi kuwa naye bendi moja mwaka 1953. Golson alipomwombolezea rafikiye kwa “I Remember Clifford”, hakuunda kitu cha kasi cha kufanana na marehemu. Aliandika wimbo wa polepole, wenye nota ndefu. Wapiga tarumbeta wanajua ukali wa uamuzi huo: penye kasi kosa hupita likasahauliwa, ila nota ndefu ikitetereka kila mtu ukumbini anaijua. Mwaka 1957 Lee Morgan, kijana wa Philadelphia, aliurekodi akiwa na miaka 18 tu, na anayesikiliza anamsikia Morgan, si Brown.

Lalamiko lingine lina uzito zaidi. Matamasha ya namna hii huwageuza wafu kuwa watakatifu, na Brown anasifiwa mno kwa kutogusa dawa za kulevya katika zama zilizowaharibu wenzake wengi, hadi mtu akashangaa kama aliwahi kushika tarumbeta. Sifa hiyo ni ya kweli, nami siidharau. Lakini wahubiri wa wasifu wake waachwe watambe wanavyotaka kwenye hotuba za ufunguzi, maana hotuba zikiisha lazima mtu asimame apige “Cherokee”, na hakuna tabia njema itakayomvusha hata mzunguko mmoja wa wimbo huo.