Mlonge unasafisha maji, sawa. Maji gani?

Ukikaa Ifakara hata wiki moja, lazima utasikia sifa za mlonge. Majani ni mboga, unga wake unauzwa kama dawa ya kila kitu, na mbegu zake sisi watu wa mazingira tumezipa kazi nyingine: kutibu maji machafu ya viwandani. Hata mimi, kwenye pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamili, niliandika kwamba mbegu hizi ni mbadala wa shabu, nafuu na rafiki wa mazingira. Leo tuikosoe sentensi hiyo, maana inarudiwa mno bila kuulizwa maswali.

Kwanza tuipe haki yake. Mbegu ya mlonge ina protini zenye chaji chanya. Chembe za udongo kwenye maji zina chaji hasi, ndiyo maana zinasukumana na kuelea muda mrefu bila kutuama. Protini zikiingia, chembe zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Wanawake wa Sudan walikuwa wakisafisha maji ya Nile hivyo kabla maabara hazijaanza kupima. Utafiti mmoja uliochapishwa 1987 ulikuta tope limepungua kwa asilimia 80 hadi 99.5. Kwa maji ya Mto Kilombero wakati wa masika, hiyo si kazi ndogo.

Sasa panda basi la kwenda Mikumi. Ukikaribia Kidatu, utaona miwa pande zote. Maji machafu ya kiwanda cha sukari, popote duniani, hayana tope tu. Yana pia sukari iliyoyeyuka, na hapo ndipo hoja yetu inateleza. Jaribu nyumbani: tia sukari kwenye chai, kisha ichuje mara kumi. Majani yatabaki kwenye chujio, chai itabaki tamu. Mlonge nao unakamata zaidi kile kinachoelea, sukari inapita. Ikifika mtoni, bakteria wanaila na kumaliza oksijeni, samaki wanakufa, na anayelipa ni mvuvi wa chini.

Ndiyo maana kanuni zetu za ubora wa maji za mwaka 2007 haziishii kwenye tope. Zinataka BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria watahitaji kula uchafu huo, isizidi miligramu 30 kwa lita, na COD isizidi 60. Lakini angalia tunavyoripoti: picha ya bika mbili, moja chafu moja angavu, na "asilimia 95" kwa herufi nene. BOD iko wapi?

Kuna baya zaidi. Ukitumia unga wa mbegu nzima, nao unaacha mabaki yanayooza ndani ya maji, kwa hiyo BOD inaweza hata kupanda. Utafiti ule wa 1987 ulionyesha bakteria walipungua sana saa za mwanzo, kisha wakaanza kuzaliana tena ndani ya saa 24.

Halafu piga hesabu. Kwa dozi ya miligramu 200 kwa lita, kiwanda chenye mita za ujazo 1,000 kwa siku kinahitaji kilo 200 za mbegu. Kila siku! Nani atazilima, na kwenye shamba la mpunga la nani?

Sisemi tuitupe mlonge. Tukamue mafuta kwanza, yana soko lake. Mashudu yanayobaki bado yana protini ile, na yanachafua maji kidogo kuliko unga mzima. Tuyatumie hatua ya kwanza, kutoa kinachoelea, kisha mabwawa ya kutibu maji yashughulikie kilichoyeyuka.

Na wewe unayeandaa utafiti wako, pima BOD kabla na baada, uiandike hata kama inakuaibisha. Msomaji naye, ukikutana na "asilimia 95", uliza: ya nini?