Pongezi kwa Kilimanjaro

Kwetu Kibakwe, wilayani Mpwapwa, macho huishia milimani. Bahari tunaifuata Dar es Salaam. Huko, jirani na Kanisa la Azania Front, Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru. Naipongeza kwa hilo kwanza: taifa changa, lenye mahitaji tele, lilithubutu kusimamisha jengo refu linalotazama bandari, kwa michoro ya wasanifu wa Zevet kutoka Israeli, ili lipokee wageni wake kwa heshima. Baadaye hoteli ilichakaa. Ikakarabatiwa, ikafunguliwa upya mwaka 2005 chini ya Kempinski. Leo ni Hyatt Regency, ila jina la Kilimanjaro halikufutwa. Hongera waliolitunza.