Kiambishi 'hu-' na elementi isiyo na mazoea

KUNA kosa linalojirudia katika makala za Kiswahili kuhusu sayansi, na halionekani upesi kwa sababu sarufi yake ni safi. Hebu tazama sentensi hii: "Oganesoni ni gesi na huwa haiungani na elementi nyingine." Ngeli ziko sawa, upatanisho uko sawa. Ukweli ndio una kasoro.

Oganesoni ni elementi ya 118, ya mwisho kwa sasa katika jedwali la elementi. Haichimbwi popote. Wanasayansi huko Dubna, Urusi, waliiunda kwa kurusha viini vya kalsiamu kwenye kaliforniamu. Atomu zilizowahi kupatikana ni za kuhesabu kwa vidole, nazo huvunjika baada ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Sasa, "hu-" ni kiambishi cha mazoea. Tunasema jua huchomoza mashariki kwa kuwa tumeliona likichomoza huko siku zote. Je, oganesoni imezoea nini? Hakuna aliyewahi kuipima kikemia. Isitoshe, kuwa gesi au yabisi ni hali ya atomu nyingi zikiwa pamoja. Atomu moja si mvuke wala jiwe.

Najua mwandishi alikoitoa kauli yake. Elementi hii imewekwa safu ya 18, pamoja na neoni na argoni, ambazo ni gesi zisizopenda kuungana na nyingine. Hata jina limechangia. Lilipoidhinishwa mwaka 2016 kwa heshima ya mwanafizikia Yuri Oganessian, lilipewa mwisho unaofanana na wa majirani hao. Yaani jina limetangulia tabia!

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Katika atomu nzito kiasi hiki, elektroni zilizo karibu na kiini hukimbia kwa kasi kubwa mno, isiyo mbali sana na ya mwanga. Hilo huvuruga mpangilio wa elektroni zote, hata za nje zinazoamua tabia ya kikemia. Ndiyo maana mahesabu yanaashiria kuwa oganesoni ingekuwa yabisi katika joto la kawaida.

Simaanishi tunyamaze. Mwaka 2001, mjini Darmstadt, Ujerumani, wanakemia waliichunguza hasiamu, elementi ya 108. Atomu 7 tu ziliungana na oksijeni, na molekuli zake zikanata kwenye mfereji uliopozwa. Zilitenda kama zile za osimiamu, jirani yake wa juu katika jedwali. Hapo safu ilisema kweli, na mwandishi ana haki ya kuandika "ziliungana", mradi ataje zilikuwa ngapi.

Wapo wanaodai eti Kiswahili hakitoshi kubeba sayansi. Mimi sikubali. Lugha yenye "-nge-", "yamkini" na "inakisiwa" ina vifaa vyote vya kutenganisha kilichopimwa na kinachotabiriwa. Basi tuandike: "Oganesoni imo katika safu ya 18, ila inakisiwa kwamba ingekuwa yabisi iwapo atomu zake zingepatikana kwa wingi." Sentensi imerefuka kidogo, lakini mwanafunzi atakayeisoma hatalazimika kuisahau kesho.