Sifa za Ufito wa Maharage

Mwezi Aprili, mvua zikiwa zimekolea, barabara itokayo Musanze kwenda mpaka wa Cyanika hupita katikati ya fito. Kulia na kushoto, chini ya volkano za Sabyinyo na Muhabura, mashamba ya Rwanda yamesimikwa miti myembamba inayompita mtu kimo, maelfu kwa maelfu, na kila mti umevikwa majani ya maharage tangu shinani. Wasafiri husimamisha gari wapige picha milima. Ningependa wageuke kidogo, waziangalie hizo fito.

Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Katika habari ya maharage ya kutambaa, papa ni mbegu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa ISAR, iliyokuwa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda, pamoja na wenzao wa CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kilicho karibu na Cali, Kolombia, waliwapelekea wakulima wa nyanda za juu mbegu mpya za kutambaa. Umubano, mojawapo ya zile zilizopendwa, asili yake ni Chiapas, Mexico. Zilifika wakati wake hasa, kwa kuwa ardhi ilikuwa imechoka, mashamba yamegawanywa vipande vipande, na ugonjwa wa kuoza mizizi ulikuwa ukiyamaliza maharage mafupi. Shamba lisiloweza kupanuka likapanuka kwenda juu. Mahali ambapo maharage mafupi hutoa tani moja kwa hekta, yale marefu yakitunzwa vizuri huweza kutoa tatu. Mbegu imestahili sifa zake. Lakini mbegu hiyohiyo ukiipanda bila mti, itatambaa chini, maganda yatalala kwenye tope, na utavuna uozo. Nusu ya mavuno yale imebebwa na ufito, na ufito hauna jina katika orodha yoyote ya aina bora.

Kazi huanzia kwenye panga. Si kila mti unafaa. Matete hupatikana kirahisi na ni mepesi kubeba, ila maganda yakijaa hukatika, na msimu wa pili hayafiki. Mkaratasi hunyooka kweli, lakini gome likishabanduka huwa laini mno na mzigo ukizidi mmea huteleza ukajikunja chini. Mwanzi nao una utelezi uleule, usipoachiwa vijitawi kwenye pingili. Fundi hutafuta ufito wa unene wa dole gumba au kuzidi kidogo, urefu wa mita mbili hadi tatu, wenye gome la kukwaruza. Matawi ya kaliandra na ya mgrivelea yanamfaa sana. Anapoyapogoa hayasawazishi kabisa: huacha vishina vya matawi, kila kimoja kama nusu ya kidole, ili mharage upate pa kukanyaga. Kisha huchonga ncha ya chini na kuuacha mti ukauke, kwa sababu miti mingine ikisimikwa mibichi huchipua na kugombea chakula na mmea uliokuja kuubeba.

Mharage hauna vikono vya kushikia kama vile vya tango au mzabibu. Ni shina zima linalojizungusha. Charles Darwin, ambaye mwaka 1865 alichapisha uchunguzi mrefu juu ya mimea inayotambaa, alipima mwendo wa ncha ya mharage, akaona inazunguka duara zima kwa muda wa takriban saa mbili, ikipapasa hewani mpaka iguse kitu. Ukiutazama kutoka juu, daima huzunguka kinyume na mwendo wa mishale ya saa, uwe kaskazini mwa ikweta au kusini mwake. Mkulima hahitaji kitabu kulijua hilo. Akiuviringisha kwa mkono upande usio wake, hurudi siku ya pili akaukuta umejifungua.

Ndiyo maana wakati ni sehemu ya ufundi. Ufito husimikwa wiki ya pili au ya tatu baada ya mbegu kuota, ncha inapoanza kurefuka na kuyumba. Ukichelewa, mimea hushikana yenyewe kwa yenyewe, na kuitenganisha ni kuivunja. Tena mizizi huwa imeshasambaa karibu na uso wa ardhi, na kila shimo unalotoboa linaikata.

Niliwahi kumtazama mzee mmoja kule Rutshuru, Kivu Kaskazini, akisimika. Alitoboa kwa mtaimbo kwanza, kiganja kimoja kutoka shinani, akauzungusha mtaimbo ili tundu lipanuke, kina chake kama kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono. Hakugongelea ufito kwa nyundo wala jiwe, kwa kuwa kichwa kikipasuka maji huingia na mti huoza kutokea juu. Aliutumbukiza, akashindilia udongo kwa kisigino, halafu akashika juu kwa vidole viwili na kutikisa. Udongo wa shinani ulipocheza, alichomoa akaanza upya. Alipomaliza aliielekeza ncha ya mharage kwenye gome, akaiacha. Nikamuuliza, “Mzee, mbona huifungi?” Akajibu bila kugeuka, “Mwanangu, njia inaijua yenyewe.” Tangu siku ile sijaona kazi ya shambani iliyonipendeza kuliko ile.

Mahali pa kuusimika pana hesabu zake. Penye tambarare, mistari ielekezwe kaskazini na kusini, kila upande upate jua lake, mmoja asubuhi na mwingine alasiri. Penye mteremko, mlima ndio unaoamua: mistari hufuata matuta, na fito huinamishwa kidogo kuelekea mlimani, maana udongo ukishiba maji huelekea bondeni. Fito nene kuliko zote hupelekwa pembezoni, upande upepo unakotoka, kwa sababu mharage uliolowa mvua hushika upepo kama tanga la jahazi. Na mkulima muungwana huacha nafasi kwenye mpaka, ili ukuta wake wa majani usimnyime jirani jua.

Zipo namna nyingine. Wengine hufunga fito tatu pamoja kileleni, zisimame kwa kuegemeana. Hii ni imara hata kwenye udongo mwepesi, ila fundo likifungwa juu kabisa, majani yote husongamana hapo, unyevu hukaa na magonjwa ya majani huanza. Lifungwe chini zaidi, ncha zitawanyike. Wengine husimika nguzo chache nene, wakalaza mti juu yake na kuning’iniza kamba za mkonge au za migomba, kamba moja kwa kila shina. Penye uhaba wa miti mimi naiona njia hii kuwa bora, japo kamba hudai uangalifu kila msimu.

Na uhaba upo. Ushauri wa kitaalamu unafika fito 50,000 kwa hekta moja, yaani mti mmoja kila nusu mita kwa sentimita 40. Mwenye robo ekari anahitaji kama 5,000. Atazitoa wapi, wakati kuni za kupikia zenyewe hazitoshi? Wengi husimika nusu ya hizo na kuvuna pungufu, au hukata miche michanga ambayo ingekuwa mbao. Kwa hiyo mwenye fito huzitunza. Baada ya kuvuna huzing’oa, akazipangusa udongo na kuzisimamisha zikiegemea mti mkubwa, zisilale chini zikaliwa na mchwa, ili zifae misimu mingine.

Basi wanaogawa mbegu za maharage ya kutambaa, iwe Rwanda, Burundi, Kivu, Kigezi ya Uganda au kwetu kwenye milima ya Tanzania, wagawe pamoja nazo miche ya kaliandra. Ikipandwa kwenye kingo za matuta hushika udongo, majani yake ni malisho ya mbuzi, na ukiikata huchipua tena ikakupa fito nyingine. Nawe msomaji mwenye shamba mlimani, panda hiyo miti mvua hizi, kabla hujanunua kilo ya mbegu.