"Jumla" ya Nani? Kuhakiki Vijitabu vya Sheria kwa Lugha Rahisi

Kuna maandishi ya Kiswahili ambayo sisi wapenzi wa fasihi huwa hatuyagusi kabisa: vijitabu vya sheria kwa lugha rahisi. Unavikuta ofisi ya kata, kwenye semina, kwenye meza za kampeni za msaada wa kisheria. Vina maswali na majibu, picha mbili tatu za kuchora, na jalada lililojaa nembo. Tunaviona ni vitu vya ofisini tu. Mimi naona vinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya, tena kwa ukali zaidi. Ukiisoma riwaya vibaya umepoteza jioni moja. Ukikisoma vibaya kijitabu cha ardhi, unaweza kupoteza shamba.

Na hoja yangu ni kwamba tatizo la vijitabu hivi mara nyingi si maneno magumu. Tatizo ni hadithi ambayo haijafika mwisho.

Tuanzie Miteja, wilayani Kilwa, kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Chukua maneno "stakabadhi ghalani". Kwa sura yake ni maneno ya mjini, maneno ya wakili. Sheria yake ilitungwa mwaka 2005. Lakini muulize mkulima wa ufuta huku Kilwa, atakueleza bila kusita: unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu, mnada unafanyika, makato yanakatwa, hela inaingia. Atakwambia pia hela ikichelewa unaanza kumsumbua nani. Hiyo si dhana nyepesi hata kidogo. Ni karatasi inayosimama mahali pa mali. Hakuna aliyemtafutia neno jepesi zaidi. Ameielewa kwa sababu ameipita njia yake yote, msimu baada ya msimu, kutoka shambani hadi malipo.

Sasa chukua "ardhi ya jumla". Hapo hakuna neno gumu hata moja. Mtoto wa darasa la pili anajua ardhi, na jumla anaijua dukani: jumla na rejareja, bei ya jumla, sisi kwa jumla. Kwa hiyo ukimwambia mwanakijiji kwamba ardhi hii itakuwa ya jumla, sikio lake linasikia "yetu sote". Kisheria ni kinyume chake. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na Mkutano Mkuu una sauti juu yake. Ikihawilishwa kuwa ya jumla, usimamizi unahamia kwa Kamishna wa Ardhi na kijiji kinabaki mtazamaji. Neno jepesi limemficha mtu jambo zito.

Kilwa inalijua hili kwa gharama. Kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilikuja wilayani kutafuta ardhi ya kulima mibono kaburi, mafuta yake yakatengeneze nishati. Ilipata takriban hekta 34,000 katika vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Ili ardhi ya kijiji ipewe mwekezaji wa kigeni, lazima kwanza itoke kwenye fungu la kijiji iingie la jumla. Mwaka 2010 kampuni ikafilisika. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwanakijiji aliyeelewa kwamba amemkaribisha mgeni. Mgeni akiondoka, si chumba kinarudi kwa mwenye nyumba? Hakirudi chenyewe. Kampuni kufa hakuifanyi ardhi kuwa ya kijiji tena. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ina mlango wa kurudishia, ila ufunguo anao Rais. Kijiji kinaweza kubisha hodi tu.

Kijitabu cha kawaida kingefanya nini hapo? Kingeuliza: "Ardhi ya jumla ni nini?" Kisha kingejibu: ni ardhi ya umma ambayo si ya kijiji wala ya hifadhi. Jibu ni sahihi. Ila ni sawa na kumwambia mtu samaki ni kiumbe ambaye si ndege wala mnyama. Msomaji anafunga ukurasa akidhani ameelewa, na huyo yuko hatarini kuliko aliyekiri kwamba hajaelewa.

Wanasheria watasema, na wana haki ya kusema, kwamba ukirahisisha sana unapoteza usahihi. Sawa. Lakini tuusome huo usahihi wenyewe. Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi mwaka 1999. Sheria ya vijiji inaitafsiri ardhi ya jumla kama nilivyosema hapo juu. Sheria ya Ardhi, Na. 4, ilipotungwa iliongeza kipande kidogo mwishoni: ikajumuisha humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Mwaka mmoja, Bunge moja, neno moja, maana mbili. Na "isiyotumika" kwa macho ya nani? Kwa wakulima wanaolima kipande miaka kadhaa, kisha wakakiacha kipumzike na kurudi pori, shamba lililolala bado ni shamba. Mgeni anayepita na gari anaona msitu mtupu. Mhakiki wa fasihi amefundishwa kuuliza nani anatazama na amesimama wapi. Swali hilohilo linahitajika hapa.

Wala tusidhani Kiswahili peke yake kitatuokoa. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na ni jambo la kushangilia. Lakini "jumla" ni Kiswahili safi. "Mdhamini" pia. Tunaambiwa ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mtaani mdhamini ni yule anayekutoa polisi au kukusainia mkopo. Ukibadilisha lugha bila kusimulia, umebadilisha kanzu tu.

Shaaban Robert aliliona hili zamani. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, Karama anashitakiwa kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria nchini. Na anajitetea vipi? Hatoi fasili. Anasimulia safari za wajumbe sita, kila mmoja alikotumwa, alichokiona, na yaliyompata aliporudi. Wengi tumeisoma kama fumbo la siasa za kikoloni, na ndivyo ilivyo. Lakini isome tena kama mfano wa jinsi ya kufundisha sheria: msikilizaji anaelewa kwa sababu anajua kila safari iliishaje.

Kwa mtindo huo, ardhi ya jumla ingeweza kuandikwa hivi: Leo ukigombana na mtu juu ya shamba lako, unaanzia kijijini. Mwekezaji akija, mtaitwa kwenye Mkutano Mkuu. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano wenu unaweza kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mnatoa maoni tu na uamuzi uko kwa Waziri. Kabla ya ardhi kuhama, lazima mkubaliane fidia ni kiasi gani, italipwa vipi na lini. Ikishahama, hamwezi kuidai kama mnavyomdai mpangaji. Mwekezaji akifilisika, akiuza, akiondoka usiku, ardhi haiwarudii mpaka Rais aamue.

Hakuna istilahi iliyokufa hapo. Kilichoongezwa ni kesho na keshokutwa.

Kwa hiyo wahariri wa vijitabu hivi, na ninyi mnaoombwa kuvitafsiri kwa malipo ya siku mbili, msianze na kamusi. Anzeni na siku mambo yatakapoharibika, mwulize mwanakijiji atakuwa amesimama wapi, ameshika karatasi gani, na mlango upi utafunguka akibisha. Hilo likiandikwa vizuri, "kuhawilisha" litaeleweka Miteja kama "stakabadhi" ilivyoeleweka.